Kuhamisha Fn na Ctrl kwa Kuifumua Programu ya Kibodi

Kwa miaka mingi kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kimezoea kwamba Ctrl iko kwenye pembe ya chini ya kibodi, mwisho kabisa, mahali panapofikiwa bila kutazama. Kompyuta mpakato ninayoitumia sasa ilikuja na mpangilio mwingine: pembe hiyo imepewa Fn, na Ctrl imesogezwa ndani kwa nafasi moja. Kila nilipotaka kunakili aya niliyoichagua, kidole kiliangukia Fn, na kwa kuwa Ctrl haikuwa imebonyezwa, aya nzima ilifutika ikabaki herufi c peke yake. Nilijizoeza kwa miezi miwili nikashindwa, hasa kwa sababu bado natumia kompyuta nyingine zenye mpangilio wa zamani, na mkono haujifunzi kwa siku moja mambo mawili yanayopingana.

Zipo kompyuta ambazo BIOS yake, yaani programu inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo wa uendeshaji, ina kipengele cha kubadilishana Fn na Ctrl. Yangu haina. Ndipo nilipoamua kuifumua programu inayoendesha kibodi, kama fundi anavyofumua mshono ili aone nguo ilivyoshonwa, na kuubadilisha mpangilio huo kwenye chimbuko lake.

Lazima niseme mapema kwamba kwa vitufe vingi kazi hii haina ulazima. Anayetaka Caps Lock ifanye kazi ya Ctrl anaweza kuiagiza Windows kwa thamani iitwayo Scancode Map katika rejista yake, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, au Linux kwa faili la mipangilio ya vifaa liitwalo hwdb, na baada ya kuwasha upya mambo yakawa sawa. Nami nilianzia huko. Nilifungua programu ya showkey katika Linux, ambayo huonyesha misimbo jinsi inavyoingia kutoka kwenye kibodi. Nilipobonyeza Ctrl ya kushoto nikaona 0x1d, nilipoiachia nikaona 0x9d (0x huonyesha kwamba namba imeandikwa kwa msingi wa 16). Nilipobonyeza Fn sikuona kitu. Mfumo wa uendeshaji hauwezi kuhamisha kitufe ambacho haujawahi kuambiwa kwamba kipo.

Ili kuelewa kwa nini Fn haionekani, inafaa kuifuata safari ya kitufe tangu mwanzo. Kitufe chenyewe hakijui herufi iliyochorwa juu yake. Ni swichi tu inayogusanisha nyaya mbili. Chini ya vitufe kuna nyaya zilizopangwa kama gridi, na katika kibodi yangu, kama ilivyo katika nyingi, kuna safu wima 16 na safu mlalo 8. Kwa njia hiyo nyaya 24 zinatosha kutambua makutano 128, wakati kila kitufe kikipewa waya wake zingehitajika zaidi ya 80. Kidhibiti, yaani chipu ndogo inayojitegemea kwenye ubao mama, hushusha volti ya safu wima moja, husoma safu mlalo zote 8 kwa pamoja, kisha huenda kwenye safu wima inayofuata, na hurudia mzunguko huo mara nyingi kwa sekunde. Kikipata mguso, husubiri milisekunde chache ili vipande vya swichi viache kurukaruka, na ndipo hukubali kwamba kitufe kimebonyezwa.

Hadi hapo kidhibiti kinajua nafasi tu: safu wima fulani, safu mlalo fulani. Nafasi hiyo hugeuzwa kuwa msimbo kwa kutazama jedwali lililomo katika programu dhibiti, ile inayokaa ndani ya kifaa na kukiendesha kabla mfumo wowote wa uendeshaji haujaamka. Kwa Ctrl ya kushoto jedwali lina 0x14, kwa A lina 0x1C, kwa Esc lina 0x76. Hii ndiyo seti ya pili ya misimbo, iliyoletwa na IBM PC/AT ya mwaka 1984. Katika mashine hiyo chipu ya Intel 8042 ilipokea misimbo ya kibodi, ikaitafsiri kuwa ya seti ya kwanza, na kuikabidhi kwa kichakataji kupitia anwani 0x60 na 0x64. Chipu hiyo haimo tena kwenye kompyuta mpakato za leo, lakini kidhibiti bado kinajifanya kuwa ndiyo, na ndiyo maana 0x14 ilinifikia kwenye skrini ikiwa imeshakuwa 0x1d. Fn haifiki huko kabisa. Kidhibiti huiona kwenye gridi kama kitufe kingine chochote, kisha hujiwekea alama ya ndani kwamba imeshikiliwa, na alama hiyo huamua ni jedwali gani litatumika kwa kitufe kitakachofuata.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta baiti mbili tu: moja yenye Ctrl, nyingine yenye Fn. Kuzibadilisha ni kazi ya dakika moja. Zaidi ya wiki tatu za jioni zilitumika katika kuwa na hakika kwamba baiti hizo ndizo, na kwamba nikikosea nitaweza kurudi nilikotoka. Kidhibiti hicho hicho husimamia pia kitufe cha kuwashia, uchaji wa betri na kasi ya feni, kwa hiyo anayeandika humo kwa kubahatisha anaweza kupoteza mambo makubwa kuliko kitufe.

Nilianza kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya chipu. Ilikuwa ya jamii ambayo kiini chake ni 8051, muundo uliotolewa na Intel mwaka 1980 na ambao bado umo katika vifaa vingi vidogo. Katika baadhi ya kompyuta programu ya kidhibiti hukaa ndani ya kidhibiti chenyewe. Katika yangu ilikuwa sehemu ya chipu ya flashi, yaani kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, ya MB 8 inayohifadhi pia BIOS. Hilo lilikuwa jambo jema, kwani chipu ya aina hiyo, yenye miguu minane, inaweza kusomwa kwa kibanio na kifaa cha nje hata kompyuta ikiwa imezimika kabisa. Hakikisha chaja imechomolewa na betri imetenganishwa na ubao mama. Hakikisha pia volti: nyingi ni za volti 3.3, lakini zipo za 1.8, na hizo zinaweza kuungua zikipewa volti 3.3.

Nilisoma chipu mara tatu kwa programu ya flashrom na kulinganisha mafaili kwa SHA-256, alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Mara mbili za kwanza hazikulingana. Kibanio kilikuwa kimekaa upande, mguu mmoja ukigusa na kuachia. Ningekuwa nimesoma mara moja tu, ningehifadhi nakala mbovu nikiamini ni nzima, na ningekuja kuligundua kosa hilo siku ambayo naihitaji. Nilikirekebisha kibanio nikasoma tena hadi nikapata nakala tatu zinazofanana kwa kila baiti, kisha nikaziweka katika diski mbili zilizo mbali na kompyuta hiyo.

Faili lilikuwa na baiti 8,388,608. Sehemu kubwa ya BIOS imebanwa na inaonekana kama mchanganyiko usio na mpangilio, lakini programu ya kidhibiti haikuwa imebanwa. Kuna njia nzuri ya kuitambua. 8051 ikiwashwa huanza kutekeleza amri kwenye anwani 0, na mahali pa kushughulikia matukio ya ghafla pamepangwa kwenye 0x03, 0x0B, 0x13, 0x1B na 0x23. Kwa kuwa nafasi kati ya 0 na 0x03 inatosha baiti tatu pekee, waandishi wa programu karibu wote huweka hapo amri ya kuruka kwenda mahali pengine, ambayo huanza na baiti 0x02. Niliandika programu fupi ya kutafuta mahali ambapo 0x02 inajirudia kwa umbali huo hasa. Lilipatikana eneo moja, lenye KB 128. Kwa kuwa 8051 huona KB 64 tu kwa wakati mmoja, ilikuwa wazi kwamba programu imegawanywa katika mafungu yanayopokezana.

Kutafuta jedwali kulinifundisha zaidi kuliko hatua nyingine zote. Wazo langu la kwanza lilikuwa rahisi: jedwali la nafasi 128 lazima liwe na misimbo ya herufi zote 26 za alfabeti ya Kiingereza, kila mmoja mara moja. Nikaipitisha programu yangu juu ya zile KB 128, ikitazama baiti 128 kwa wakati mmoja, ikaniletea maeneo matatu. Nilifurahi kupata matatu badala ya mia tatu, lakini sikuweza kueleza kwa nini yasiwe moja.

Eneo la kwanza lilianza na FF 43 41 3F 3D 3B. Nilikaa nalo usiku mzima nikijaribu kulilinganisha na gridi ya vitufe, bila mafanikio, hadi nilipohesabu na kuona kwamba katika nafasi ya 0x14 kuna 1D, na katika nafasi ya 0x58 kuna 3A. Ctrl na Caps Lock! Lile halikuwa jedwali la gridi. Lilikuwa jedwali la kutafsiri seti ya pili kuwa ya kwanza, urithi wa 8042. Lilipita mtihani wangu kwa sababu lina karibu kila namba iliyo chini ya 128 mara moja moja, na kwa hiyo misimbo ya herufi zote imo humo, ingawa kwa maana nyingine kabisa. Kama ningeigusa 1D hapo, Ctrl zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zingeharibika kwa pamoja, kwani ya kulia ni msimbo huohuo uliotanguliwa na E0.

Maeneo mawili yaliyobaki yalifanana karibu baiti kwa baiti. Tofauti iliyonisaidia ilikuwa 0x61, msimbo wa kile kitufe cha ziada kilicho karibu na Shift ya kushoto katika kibodi za mpangilio wa Ulaya. Jedwali moja lilikuwa nacho, jingine halikuwa nacho. Kibodi yangu haina kitufe hicho. Ilielekea basi kwamba programu moja inatumika kwa kompyuta zinazouzwa na kibodi za aina mbili, na kwamba jedwali langu ni lile la pili.

Sikutaka kutegemea dhana. Nilikuwa na kibodi ya ziada ya aina ileile, ambayo vitufe vyake kadhaa vilikuwa vimekufa, nikaufungua utepe wake wa nyaya na kuanza kupima kwa mita ya kupimia umeme. Unabonyeza kitufe, unatafuta ni nyaya zipi mbili zimeungana, unaandika, unaenda kwenye kingine. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyoyapa maneno ya kwenye faili ushahidi wa kitu kinachoshikika. Ctrl ilikuwa kwenye safu wima ya 11 na safu mlalo ya 2, nikihesabu kuanzia sifuri. 11 mara 8 ukijumlisha 2 ni 90, na katika nafasi ya 90 ya jedwali palikuwa na 0x14. Fn ilikuwa kwenye safu wima ya 14 na safu mlalo ya 5, yaani nafasi ya 117, na hapo palikuwa na 0x9C. Msimbo mkubwa wa kawaida katika seti ya pili ni 0x83, ambao ni wa F7, na namba za juu yake karibu zote zimebaki wazi. Waandishi wa programu hii wamezitumia kwa mambo yao ya ndani, na 0x9C ndilo jina walilompa Fn.

Hapo ndipo nilipofungua Ghidra, programu ya uchambuzi iliyotolewa kwa umma na shirika la NSA la Marekani mwaka 2019, ambayo inaielewa 8051. Sikuhitaji kuisoma programu yote. Katika 8051 jedwali lililo ndani ya programu husomwa kwa kupakia anwani yake kwanza, kwa amri inayoanza na 0x90 na kufuatiwa na baiti mbili za anwani, kisha baiti yenyewe huchukuliwa kwa amri 0x93. Nikatafuta 0x90 ikifuatiwa na anwani ya jedwali langu, nikapata mahali pamoja, na hapo hapo nikaona uamuzi wa kuchagua kati ya majedwali yale mawili. Mistari michache mbele yake kulikuwa na ulinganisho na 0x9C, na tokeo lake lilikuwa kuwasha au kuzima biti moja. Nilikuwa nimeiona Fn.

Kwa jaribio la kwanza nilichagua kitufe kisicho na madhara: niliibadilisha Caps Lock, 0x58, iwe Esc, 0x76. Niliandika chipu, nikaisoma tena kuhakikisha, nikarudisha betri na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Hakuna taa iliyowaka. Hata taa ya chaja ilikuwa imezimika. Nakiri kwamba mikono ilinitetemeka nilipokuwa nikirudisha ile nakala ya kwanza, na kompyuta ilipowaka niliifunga nikaenda kulala bila kugusa kitu kingine.

Kesho yake nilitafuta katika Ghidra mzunguko wowote unaopita juu ya programu nzima, nikaukuta karibu na mwanzo: unajumlisha baiti zote, ukihifadhi biti 8 za mwisho tu, na jumla isipokuwa sifuri kidhibiti hukataa kuendelea. Badiliko langu lilikuwa limeongeza 30. Karibu na mwisho wa eneo kulikuwa na baiti ya kusawazisha. Nikaipunguza kwa 30, na safari hii kompyuta iliwaka, Caps Lock ikifanya kazi ya Esc. Jambo la kustaajabisha ni kwamba lile nililolitaka tangu mwanzo, yaani kubadilishana baiti mbili, haligusi jumla hata kidogo. Ningeanza nalo lingefanikiwa mara moja, na nisingejua kwamba ukaguzi huo upo.

Nikabadilishana 0x14 na 0x9C. Ctrl ikaja pembeni, Fn ikaingia ndani, na mwanga wa skrini na sauti viliendelea kudhibitiwa kwa Fn katika mahali pake papya. Kuna kitu kimoja hakikuhama: kompyuta ikiwa imelala, ni Fn iliyokuwa ikiiamsha, na sasa iliamshwa na Ctrl, kwa sababu wakati wa kulala kidhibiti hakitazami jedwali bali hulinganisha nafasi moja kwa moja na 117, yaani 0x75. Niligeuza namba hiyo kuwa 0x5A, nikaiongeza baiti ya kusawazisha kwa 27. Kumbuka tu kwamba kidhibiti huendelea kufanya kazi hata kompyuta ikiwa imezimwa, kwa hiyo badiliko halianzi kutumika mpaka kikose umeme kabisa.

Wapo watakaojiuliza kama vitufe vyote vinaweza kuhamishwa kwa njia hii. Jedwali linakubali lolote, lakini nyaya hazikubali. Kibodi za namna hii hazina dayodi, kijipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kwenye kila kitufe, hivyo vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili wa gridi vikibonyezwa pamoja, umeme hupita kwa njia ya mzunguko na kidhibiti hukiona kitufe cha nne ambacho hakikuguswa, au hukataa vyote kwa tahadhari. Kwa ajili hiyo wabunifu huvipa Ctrl, Shift, Alt na Fn safu wima zake, mbali na herufi. Fn na Ctrl zote zinakaa katika nafasi za namna hiyo, ndiyo maana kubadilishana kwao hakuna kasoro. Caps Lock iko kwenye safu wima moja na herufi kadhaa. Nilipojaribu kuifanya Ctrl ya pili, ilifanya kazi vizuri hadi nilipochapa haraka, kidole kimoja kikibonyeza kabla ya kingine kuinuka, na baadhi ya herufi zikapotea. Kuihamisha kwa njia ya mfumo wa uendeshaji kusingeondoa tatizo hilo, kwani liko chini ya programu zote.

Njia niliyoipita inazidi kuwa nyembamba, na sababu yake si ya kudharauliwa. Mwaka 2009 mtafiti mmoja alionyesha katika mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat kwamba kibodi ya nje ya Apple, yenye KB 8 za flashi na baiti 256 za RAM, iliweza kuandikiwa programu mpya inayohifadhi vitufe vinavyobonyezwa. Watengenezaji wengi sasa huweka saini ya kidijitali kwenye programu dhibiti, na kidhibiti hukataa programu isiyo na saini hiyo. Naunga mkono ulinzi huo, lakini naona mwenye kompyuta anapaswa kubakiziwa mlango wake. Watengenezaji wa kompyuta Framework na System76 wanachapisha msimbo chanzo wa programu za vidhibiti vyao, na humo jedwali la vitufe ni faili la kawaida ambalo mtu hulihariri na kulijenga upya bila kibanio wala mita.

Miezi michache baadaye lilitoka sasisho la BIOS, ambalo huandika upya na eneo la kidhibiti. Nilisoma chipu mara tatu kama mwanzo, nikaweka nakala, nikaiendesha ile programu ya utafutaji juu ya faili jipya. Jedwali lilikuwa limesogea baiti mia kadhaa mbele, yaliyomo yakiwa yaleyale, na ule ulinganisho wa 0x75 ulikuwa kwenye fungu jingine kabisa. Baada ya saa moja Ctrl ilikuwa imerudi pembeni.